Ataanza Lini? Utangulizi wa Dansi ya Kisasa ya Japani

Taa za darasa zimezimwa, video imeanza, na mwanamume wa Kijapani amesimama katikati ya jukwaa tupu. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita. Mwanafunzi wa viti vya nyuma anamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono wa kusudi unaofika mpaka mbele: "Sasa huyu ataanza lini?" Darasa linaangua kicheko, nami nacheka nao, maana siku ya kwanza nilipotazama dansi ya aina hii niliuliza vivyo hivyo. Jibu ni kwamba ameshaanza. Mtazame vizuri: uzito wake umehama kutoka kisigino cha kulia kwenda kidole gumba cha mguu wa kushoto, taratibu kama kivuli cha mnazi kinavyohama uani, na miezi yote ya mazoezi iko kwenye safari hiyo fupi.

Utangulizi huu nimemwandikia mwanafunzi yule wa nyuma. Sikusudii kumfundisha kupenda, kupenda hakufundishwi. Nataka tu awe na pa kutupia jicho, na mimi ningemwambia alitupie kwenye mzigo. Wenzangu wa taaluma hii watasema nimerahisisha mno, na huenda wana haki. Lakini kwa miaka niliyokaa na kazi hizi sijapata swali linalofungua milango mingi kuliko hili: mwili huu umebebeshwa nini, nao unaubebaje?

Wengi tunakutana na uwanja huu kupitia onyesho la pamoja: usiku mmoja, watunzi wanne au watano, kila mmoja na kazi yake fupi. Yokohama kuna tamasha la namna hii, Yokohama Dance Collection, lililoanza mwaka 1996, na ukumbi wake unaojulikana zaidi ni ghala la matofali mekundu lililojengwa bandarini mwanzoni mwa karne ya 20 kwa shughuli za forodha. Aliyekulia Unguja, karibu na Forodhani, hahitaji kuelezwa maana ya mahali kama hapo: ndipo mizigo inaposhushwa, inapofunguliwa, inapokadiriwa bei. Kule New York, taasisi ya Japan Society, iliyoanzishwa mwaka 1907, ilianza mwaka 1997 kuandaa onyesho lake la dansi ya kisasa kutoka Japani, ambalo baadaye lilipanuliwa likachukua na watunzi wa nchi jirani za Asia ya Mashariki. Hufanyika Januari, wakati mji umefurika waandaaji wa matamasha na mameneja wa kumbi wanaotafuta kazi za kununua.

Kwa hiyo ni soko, na hakuna aibu kusema hivyo. Soko nalo lina namna yake ya kuifinyanga bidhaa. Kazi itakuwa ya dakika 20 au 30, wachezaji wawili au mmoja, vifaa vya kuingia kwenye masanduku mawili, na lazima iwe na jambo moja la kumganda kichwani meneja ambaye siku hiyo amekwisha kuona kazi nyingine sita. Ukiona mchezaji mmoja chini ya taa moja, basi, usikimbilie kuandika kwamba Wajapani wanapenda utupu kwa sababu ya falsafa ya Zen. Wakati mwingine utupu ni nauli ya ndege.

Kabla hatujaingia ndani, neno moja kuhusu maneno. Nimesema "dansi", na najua linavyosikika: kwetu dansi ni bendi, ukumbi, magitaa matatu na jozi zinazozunguka mpaka alfajiri. "Ngoma" ingekuwa nzuri zaidi, lakini ngoma ni chombo, ni mchezo, ni mkusanyiko wenyewe, na siku hizi vijana wakisema "ngoma mpya" wana maana ya wimbo uliotoka juzi. Wajapani walikuwa na shida ya aina hiyo hiyo. Kwa karne nyingi hawakuwa na neno moja la kukusanya michezo yao yote. Walikuwa na *mai*, uchezaji wa kuzunguka, nyayo zikisuguana na sakafu. Na walikuwa na *odori*, uchezaji wa kuruka na kukanyaga kwa mdundo, ule wa kijijini na wa barabarani. Mwaka 1904 Tsubouchi Shoyo, yule aliyewatafsiria Wajapani tamthilia za Shakespeare, aliandika kitabu kuhusu tamthilia mpya ya muziki, na humo akalishika na kulieneza neno *buyo*, lililoshonwa kwa herufi mbili: moja ya mai, moja ya odori. Nchi ilikuwa inajijenga upya kwa kasi na ilihitaji neno la kuweka sambamba na lile la Wazungu. Neno likashika. Mshono wake, hata hivyo, unaonekana mpaka leo: kuna watunzi wa Kijapani ambao hawanyanyui mguu, na kuna ambao hawautulizi.

Tukae kidogo kwenye mai, maana humo ndimo jicho la mgeni linapotea. Kwetu kiuno ndicho msemaji mkuu. Katika sindimba ya Wamakonde au baikoko ya Tanga, kiuno huachiwa kikatangulia, na mwili wote ukakifuata kama abiria. Mchezaji wa noo, ile tamthilia ya kale iliyopata umbo lake karne ya 14 na ya 15, naye huanzia kiunoni, mahali wanapopaita *koshi*. Ila yeye hukishusha kidogo, akakunja magoti kiasi, kisha akakifunga hapo hapo. Halafu anatembea kwa kutelezesha nyayo, kichwa hakipandi wala hakishuki, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa pomoni bila kata. Nguvu ni ile ile na chanzo ni kile kile. Sisi tunaimwaga, wao wanaizuia. Mwanafunzi akishaielewa koshi, huwa haulizi tena mtu ataanza lini.

Juu ya mwili huu uliofunzwa kushuka, Ulaya ilikuja na mwili uliofunzwa kupaa. Ukumbi wa Imperial Theatre ulifunguliwa Tokyo mwaka 1911, na mwaka uliofuata akaletwa Mwitaliano, Giovanni Vittorio Rosi, kufundisha bale. Mmoja wa wanafunzi wake, Ishii Baku, aligombana naye, akaondoka, na akawa miongoni mwa waasisi wa dansi mpya ya Japani. Wengine, kama Eguchi Takaya na mkewe Miya Misako, walikwenda Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930 kusoma kwa Mary Wigman, aliyekuwa akicheza hofu na huzuni bila kuzitia sukari. Haya nayapitia haraka kwa sababu moja tu: wanaodhani dansi ya kisasa ya Japani ilichipuka kutoka kwenye mahekalu ya kale wanasahau kwamba babu zake wawili watatu walikuwa na pasipoti zenye mihuri ya Ulaya.

Kisha ikaja vita, na baada ya vita wakaja watu wawili ambao hakuna mtunzi wa Kijapani anayeweza kuwakwepa, hata yule anayewakataa. (Majina yao nayaandika kama wanavyojiita wenyewe, la ukoo likitangulia.)

Wa kwanza ni Hijikata Tatsumi, aliyezaliwa mwaka 1928 katika mkoa wa Akita, kaskazini, kwenye theluji na mashamba ya mpunga. Mei 1959, katika onyesho la vijana wapya wa chama cha dansi mjini Tokyo, alitoa kazi fupi aliyoiita Kinjiki, jina aliloliazima kutoka riwaya ya Mishima Yukio. Karibu yote ilichezwa gizani. Walikuwemo yeye, kijana mmoja, na kuku aliye hai, ambaye kijana alimbana katikati ya mapaja yake. Hapakuwa na hadithi ya kufuatilia, na mwisho zilisikika nyayo tu zikikimbia katika giza. Chama kilihamaki na Hijikata akajitoa. Mtindo uliozaliwa humo aliuita *ankoku buto*, ngoma ya giza totoro. Neno buto lenyewe lilikuwa limewahi kutumika kwa dansi za Kizungu za ukumbini, zile za jozi na magauni marefu; yeye akalivua gauni na kubaki na herufi ya pili, ambayo maana yake ni kukanyaga.

Miaka ya mwisho ya maisha yake, aliyoyahitimisha mwaka 1986, Hijikata alisimulia jambo ambalo kwangu linaeleza buto kuliko nadharia zote. Huko kwao, wakati wa kazi za shamba, watoto wachanga waliwekwa ndani ya kikapu cha majani makavu, wakafungwa na kubanwa kwa nguo wasianguke, wakaachwa kando ya shamba kutwa nzima. Mtoto analia, hasikiki. Jioni anatolewa, miguu imekunjika, hawezi kusimama. Hijikata akawa anauliza: miguu ile ilikuwa imekwenda wapi? Sasa tazama wachezaji wake wa miaka ya 1970. Wamesimama kwa kingo za nje za nyayo, magoti yamepanuka, miguu matege, mgongo umeinama. Mwalimu wa bale ataona kasoro kila mahali. Ukishajua habari ya kikapu, unaona mwili ambao bado haujamaliza kutolewa humo.

Namna alivyofundisha ilikuwa ya ajabu na ya utaratibu mno. Hakusema nyanyua mkono hivi. Alimpa mchezaji maneno. Kuna mdudu anatambaa kwenye kidole chako. Mwingine anashuka kutoka shingoni. Mwingine yuko pajani, na mwingine, na wengine, mpaka huna tena mkono wa kuwafukuzia, mpaka wameingia ndani. Mchezaji haigizi mtu anayewashwa. Anawapa wadudu mwili, na mwili unasogea kwa sababu hauna namna nyingine. Alikusanya maelfu ya maneno na picha za namna hii kwenye madaftari, na wanafunzi wake, hasa Ashikawa Yoko, waliyageuza kuwa nyama. Kwa hiyo usidanganyike na wanaosema buto ni kujiachia. Ni miongoni mwa mitindo iliyoandikwa kwa ukali zaidi ninayoifahamu. Ila umeandikwa kwa maneno badala ya hesabu za nane nane.

Wa pili ni Ohno Kazuo, na hapa naomba radhi mapema, maana nikimgusa mzee huyu siachi upesi. Alizaliwa mwaka 1906 Hakodate, kisiwa cha Hokkaido. Mwaka 1929, akiwa mwanafunzi wa elimu ya mazoezi ya mwili, alikaa kwenye viti vya juu kabisa, ghorofa ya tatu, pale Imperial Theatre, akamtazama mchezaji wa Kihispania aliyeitwa Antonia Mercé, maarufu kama La Argentina. Halafu maisha yakamchukua. Alifundisha mazoezi kwenye shule ya wasichana Yokohama, akasoma dansi kwa Ishii na kwa Eguchi, akaitwa jeshini mwaka 1938, akapelekwa China na New Guinea, akawa mfungwa wa vita. Onyesho lake la kwanza la peke yake alilitoa mwaka 1949, ana zaidi ya miaka 40. Ilipofika mwaka 1977, karibu nusu karne baada ya usiku ule wa ghorofa ya tatu, akapanda jukwaani na kazi aliyomtungia La Argentina, Hijikata akiwa mwongozaji. Alikuwa na miaka 71.

Kazi ile haianzii jukwaani. Anayeanza ni bibi kizee aliyeketi kati ya watazamaji, kofia kichwani, gauni la zamani, uso umepakwa rangi nyeupe, midomo myekundu. Anainuka pale pale kwenye viti. Inachukua muda mpaka mtu aliye jirani yake atambue kwamba bibi huyu ni mwanamume, na kwamba onyesho liko begani pake. Anakwenda jukwaani kwa mwendo wa mtu ambaye hana hakika kama ameitwa yeye au mwingine. Tazama mikono: ni mikubwa, ya mwalimu wa mazoezi, vidole vimekunjika kwa umri, na inapanda hewani kana kwamba kuna kitu inakitafuta juu ya kabati refu. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Pangani, aliniuliza kwa sauti ya huruma: "Mwalimu, mzee huyu anaumwa?" Nikamwambia hapana, amebeba mtu. Sijui kama lilikuwa jibu zuri, lakini ndilo lililonijia, na bado sijapata bora zaidi. Mwaka 1980 aliipeleka kazi hiyo Nancy, Ufaransa, na Ulaya ikajua kwamba kuna kitu kinaitwa buto. Ohno aliendelea hata miguu ilipogoma. Miaka ya mwisho alicheza kwa mikono tu, ameketi. Alifariki mwaka 2010, ana miaka 103.

Kutoka kwa wawili hawa ukoo ukapanuka. Maro Akaji alianzisha kundi la Dairakudakan mwaka 1972, lenye makelele, ucheshi na watu wengi. Amagatsu Ushio, aliyetokea humo, alianzisha Sankai Juku mwaka 1975, na tangu mwaka 1982 kazi zake mpya nyingi zilizinduliwa Théâtre de la Ville, Paris. Hawa ndio wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa na miili iliyopakwa unga mweupe uliowaona kwenye mabango. Msomaji wa kwetu akiwaona huwaza mwali aliyetoka jandoni, au mzimu. Sikatazi kuwaza hivyo. Nakataza kuishia hapo. Amagatsu mwenyewe alipenda kusema kwamba dansi ni mazungumzo na nguvu ya mvutano wa ardhi: mtoto analala, anaketi, anasimama, na kila hatua ni mapatano mapya na uzito. Katika Unetsu ya mwaka 1986 kuna mayai, mchanga unaomiminika na maji, na wachezaji wanaosimama polepole kiasi kwamba kusimama kunakuwa tukio. Mazungumzo hayo yaliwahi kugeuka msiba. Mwaka 1985, Seattle, wachezaji wakiwa wananing'inia vichwa chini nje ya jengo, kamba moja ilikatika na mmoja wao akafa. Amagatsu alifariki Machi 2024.

Mwaka 1985 huo huo, Tokyo, mtu mwingine alichoka na uzito. Teshigawara Saburo, aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa amesoma sanaa za uchongaji na bale, na pamoja na Miyata Kei akaanzisha kundi la Karas, yaani kunguru. Ukimtazama utadhani hana mifupa. Anasema na hewa kama Amagatsu anavyosema na ardhi: pumzi ndiyo inayoanza, mkono unaifuata, na mwili mzima unapita kama moshi uliofunguliwa dirisha. Nasema "alichoka na uzito", lakini aliuficha tu mahali pengine. Katika Glass Tooth ya mwaka 2006 sakafu imetandazwa vipande vya vioo vilivyovunjika, na wachezaji wanakanyaga juu yake. Wepesi wote ule, na chini yake kila hatua inalia krachakracha. Mwaka 2022 alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Kwa anayetaka kuingia kupitia mlango wa uzuri mtupu, huyu ndiye wa kuanza naye. Umeda Hiroaki, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20, anasogea jirani na njia hiyo kwa namna yake. Yeye alisoma upigaji picha, anatunga mwenyewe dansi, sauti na mwanga, na jukwaani anasimama na raba zake mbele ya mwanga unaopepesa mpaka hujui kama aliyetikisika ni yeye au jicho lako.

Kuna mzigo ambao hauonekani kwa macho. Kundi la Dumb Type liliundwa Kyoto mwaka 1984 na wanafunzi wa chuo kikuu cha sanaa cha mji huo. Mmoja wao, Furuhashi Teiji, aliwaandikia rafiki zake kuwajulisha kwamba ana virusi vya UKIMWI, na kutoka kwenye barua hiyo ikazaliwa S/N, ya mwaka 1994. Wachezaji wanatokea na suti, na kwenye suti wamebandika vibandiko: mwanamume, Mjapani, shoga, ana virusi. Nyuma yao kuna ukuta, na juu ya ukuta wenzao wanapita kwenye ukingo mwembamba na kuangukia upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, husikii wakifika chini. Furuhashi alifariki mwaka uliofuata, na miaka 35 tu. Nilipoionyesha kazi hii darasani sikuhitaji kueleza mengi. Mtaani kwetu Tanzania, miongoni mwa kazi tulizolitwisha neno ngoma ni kuwa jina la kificho la virusi hivyo hivyo. Kijana mmoja aliligundua hilo kabla yangu, akalisema, na hakuna aliyecheka.

Wa miaka ya 2000 walikuja na miili mingine kabisa, miili ya watu wa ofisini na wa dukani, iliyolegea. Okada Toshiki si mtunzi wa dansi kwa cheo, anaandika tamthilia. Lakini mwaka 2005 kazi yake fupi iitwayo Cooler ilifika fainali ya tuzo kubwa ya watunzi wa dansi, na mabishano hayakwisha upesi. Habari yenyewe ni mwanamke analalamika kwa mwenzake kwamba ofisini kwao kuna mtu anaweka kiyoyozi nyuzi 23, na yeye anakufa kwa baridi. Basi. Anairudia, anaizungusha, anaianza tena, na huku mdomo ukisema hivyo, mguu mmoja unajikuna kwa mwingine, kiwiko kinatoka na kurudi, mabega yanapanda bila sababu. Maneno yana adabu. Mwili umekwisha kufungua kesi. Aliyewahi kukaa ofisi ya Posta, Dar es Salaam, na bosi anayeshikilia rimoti ya AC, ataelewa kila kitu bila manukuu.

Mkosoaji Sakurai Keisuke aliwatafutia jina wachezaji wa kizazi hiki: *kodomo shintai*, mwili wa kitoto, yaani mwili usiojua kujipanga, unaojikwaa kwa makusudi. Jina limetumika kupita kiasi, kwa maoni yangu. Kuroda Ikuyo na kundi lake la wanawake, Batik, hawana chochote cha kitoto. Wanacheza mpaka pumzi inasikika safu ya mwisho. Condors wa Kondo Ryohei, wanaume wazima waliovaa sare za shule nyeusi zenye kola ya kusimama, wanacheza utoto kwa akili za watu wazima, na ni wacheshi kwelikweli.

Swali la fedha nalijibu kwa ufupi, kwa kuwa daima huulizwa. Hali si nzuri. Kwenye kumbi ndogo, mchezaji mara nyingi hukabidhiwa idadi ya tiketi za kuuza, na zisipoisha anafidia mwenyewe. Mwaka 2004 mji wa Niigata, kupitia ukumbi wake wa umma, ulimpa Kanamori Jo kundi la kudumu, Noism, ambalo wachezaji wake wanalipwa kwa kucheza. Lilikuwa la kwanza la aina hiyo nchini humo. Wengine wanafundisha yoga, wanahudumia mikahawa, wanasubiri Yokohama.

Kati ya kazi za karibuni kuna moja ninayoipenda kwa ukaidi wake. Kawaguchi Takao hakuwahi kumwona Ohno Kazuo akicheza ana kwa ana. Alichukua video, na kuanzia mwaka 2013 akawa anazinakili jukwaani: kila kutetemeka kwa mkono, kila kusitasita, hata pale mzee alipoonekana kuteleza. Ni kunakili au kurithi? Katika mila za Kijapani ustadi hupita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, miaka na miaka katika chumba kimoja. Kawaguchi alirithi kutoka kwa kioo cha televisheni. Kuna dakika unamwona Ohno amerudi. Kuna nyingine unamwona tu mwanamume mwenye afya njema akihangaika kuzeeka, na hizo ndizo zilizonigusa zaidi.

Uzi mmoja unafika mpaka kwetu. Yamazaki Kota, aliyesomea buto kwa Kasai Akira, alialikwa Senegal na Germaine Acogny, mama wa dansi ya kisasa ya Afrika, kwenye shule yake iliyoko Toubab Dialaw. Pamoja walitunga Fagaala, iliyotoka mwaka 2004, ikichezwa na wanaume wa kundi la Jant-Bi. Neno hilo ni la Kiwolof, maana yake mauaji ya kimbari, na kazi imetokana na riwaya ya Boubacar Boris Diop kuhusu Murambi, ile shule ya kusini mwa Rwanda ambako maelfu ya watu waliokimbilia humo waliuawa Aprili 1994. Mjapani, Msenegali, na wafu wa Maziwa Makuu. Nilidhani ingekuwa mchanganyiko wa kulazimisha. Lakini miili ile ya Kiafrika, iliyozoea kuimwaga nguvu, ikaombwa kuizuia; na katika kuzuia huko ndipo jambo lisilochezeka likapata pa kukaa.

Machi 2011 tetemeko na tsunami viliipiga pwani ya kaskazini-mashariki, upande ule ule wa nchi alikotoka Hijikata. Vijiji vingi vilipoteza, pamoja na watu, mavazi na zana za michezo yao ya jadi. Vikundi vilipoanza tena kucheza, wakicheza kwa ajili ya marehemu wao, baadhi ya wachezaji wa kisasa kutoka miji mikubwa walikwenda huko si kutumbuiza bali kujifunza. Mojawapo ya michezo waliyoikuta ni *shishi-odori* ya mkoa wa Iwate. Mchezaji huvaa kichwa cha mnyama chenye pembe za paa, mgongoni hufungwa fito mbili ndefu za mwanzi zenye karatasi nyeupe, zimemzidi urefu, na vazi zima hupita kilo 10. Akiinama mbele, fito zinachapa ardhi.

Siku hizi muhula wangu naufungua na video ya mchezo huo, na sauti naizima. Nawaomba wanafunzi waniambie wapigaji ngoma wamekaa wapi. Wanatafuta pembeni, wanatafuta nyuma, kati ya watazamaji, nje ya picha. Hupita dakika mbili au tatu mpaka mmoja wao aone kwamba chini ya vichwa vile vyenye pembe, kila mchezaji ana ngoma imefungwa kiunoni, na mikono yake inapiga.